Sahihi ya Kasmir

Dar es Salaam,
9 Februari 1998

Shangazi yangu Fransiska,

Shikamoo. Hapa hatujambo, ukiondoa joto, mbu, na mke wangu Bertila ambaye amehamishiwa kufundisha shule ya mbali na anarudi nyumbani amechoka hata kunigombeza hawezi. Barua yako ya Krismasi imenifikia juzi, bahasha imelowa mpaka anwani imebaki nusu. Nasikia mvua hizi zimekata barabara ya Tunduma mara mbili. Mwambie baba asihangaike kunitumia maharage, yataota njiani.

Nije kwenye jambo lenyewe. Tangu mwezi uliopita mimi ni naibu mkuu wa mafunzo ya uzamili katika kile chuo kipya cha binafsi nilichokueleza. Siku hizi kila mwenye jengo anafungua chuo. Chetu kinachukua watu ambao tayari ni madaktari na kuwafanya mabingwa. Ndivyo bango la getini linavyosema.

Ukweli wake unatia aibu. Idara ya uzazi iko chini ya Profesa Maganga. Ungeiona raundi yake ungedhani mtu anakagua gwaride. Anapita kati ya vitanda na wanafunzi ishirini nyuma yake, anauliza swali ambalo jibu lake analijua yeye tu kwa sababu alilisoma mwaka 1969, halafu saa sita anaondoka kwenda kwenye kliniki yake ya binafsi. Mama mgonjwa hata jina haulizwi. Mwaka jana tulimpa cheti cha ubingwa wa uzazi mtu aliyeshika kisu mara kumi na moja. Nilihesabu mwenyewe, nikarudia kuhesabu nikidhani nimekosea. Sasa ana kliniki Kinondoni na watu wanapanga foleni.

Nataka kuibadili kazi hii. Kila mwanafunzi wa ubingwa atakwenda miezi minne katika hospitali ya mkoani, mahali ambapo kazi haina mwisho. Atakuwa na kitabu cha kazi. Kila upasuaji utaandikwa, pamoja na kama alifanya mwenyewe, alisaidia au alitazama, na aliyesimama naye atatia sahihi. Asiye na kitabu kilichojaa hafanyi mtihani.

Nataka hospitali yenu ya misheni iwe ya kwanza, na nataka Kasmir ndiye atie sahihi. Najua ni daktari msaidizi na hana digrii. Lakini amewapasua wanawake wa Ufipa miaka ishirini na moja, na nusu ya mabingwa wa hapa hawastahili kumshikia taa. Zungumza naye kwa niaba yangu. Akikuuliza nimejifunzia wapi jeuri hii, mwambie ni ya kwenu.

Mwanao,
Yusto

*

Hospitalini,
20 Machi 1998

Mwanangu Yusto,

Marahaba. Tupo. Baba yako Kornel anasema mguu umepona, maana yake siku hizi anachechemea pale tu anapodhani hakuna anayemtazama. Mahindi yamelala kwa mvua, ulezi umesimama. Wanunuzi wameshaanza kupita Mpui na malori yao wakati mahindi hayajakauka, wanayaangalia mashamba ya watu kama wameitwa kuja kuyagawana.

Hongera kwa cheo. Sasa hayo mageuzi yako. Neno hilo limetufikia mara nyingi, na kila mara limeshuka kutoka kwenye gari jeupe. Mwaka 1991 walikuja kutufundisha kujaza fomu. Mwaka 1994 wakaja wengine kutufundisha kwamba zile fomu zilikuwa mbaya. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja mpole, akatukusanya wauguzi wote wakati wagonjwa wanasubiri, akamuuliza kila mmoja anajiona wapi baada ya miaka mitano. Nikamwambia najiona nimestaafu. Akaandika. Wote walikuwa watu wa kubadili mambo kama wewe. Jambo pekee walilobadili ni mifuko: kila mmoja alituachia wake wenye maandishi, na tunaitumia kubebea viazi.

Kasmir nilimsomea barua yako akiwa anakula. Alitafuna kwanza. Kisha akasema, “Waje na glavu zao.” Ukimjua, hiyo ni ndiyo.

Anakukumbuka ile 1986, ulipokaa naye wiki sita ukisubiri kupangiwa kazi. Anasema siku ya kwanza ulizimia ukaangukia ndoo, na siku ya mwisho ulikuwa unashona vizuri kuliko yeye. Hiyo ya pili anaisema kwa heshima yangu.

Kwa hiyo mlete huyo mtu wako. Ila sikiliza, Yusto. Ukimwambia Kasmir atatia sahihi, atatia sahihi. Usije kuniandikia baadaye kwamba imeonekana, au imependekezwa. Mimi ni mkunga. Mtoto akishaanza kutoka, sijawahi kumwambia mama angoje kikao.

Shangazi yako,
Fransiska

*

Dar es Salaam,
2 Juni 1998

Shangazi,

Shikamoo. Bertila amepata nafuu ya malaria. Nyumba tumehama kwa sababu mwenye nyumba amepata mtu wa kumwuzia.

Kamati imekubali mpango wangu kwa majaribio. Usidhani ilikuwa rahisi. Nilipotaja Sumbawanga yenu, meza nzima ilicheka. Mmoja alisema mwanafunzi atarudi na radi kwenye mkoba. Mwingine akauliza kama wachawi nao watatia sahihi. Hawa ni watu wazima, wamesoma Ulaya. Profesa Maganga hakucheka. Alisema tu kwamba anaunga mkono kila jitihada, kwa sauti ya mtu anayekubali ombi la ruhusa ya kwenda msibani.

Niliwateua wanafunzi wanne. Mmoja aliugua mgongo siku ileile. Wa pili alipata barua kutoka kwa mjomba wake wizarani. Wa tatu alisema mke wake hawezi baridi, na hajaoa. Aliyebaki ni Dokta Jenifer Mboje. Baba yake ni mfugaji aliyehamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, yuko bondeni huko chini ya Namanyere. Hakuleta udhuru wowote. Aliuliza tu kama kuna jenereta.

Atafika wiki ya mwisho ya mwezi huu. Mpokeeni vizuri. Na glavu anazo.

Yusto

*

Hospitalini,
14 Julai 1998

Mwanangu,

Marahaba. Baridi ya mwaka huu ni mbaya, upepo unaingia wodini hata madirisha yakifungwa, na akina mama tunawalaza wawili wawili na tunasema ni kwa ajili ya joto. Baba yako ameuza mahindi mapema, hakunisikiliza, basi.

Bibi Dokta wako amefika. Alishuka na sanduku kubwa, amevaa viatu vya kanisani. Kwa hiyo kati ya watu wote wa nchi hii mmetuletea binti wa wafugaji. Unajua ng'ombe wa hao watu walivyoufanya ulezi wa baba yako mwaka juzi, na unajua tulipowafuata waliuliza uzio uko wapi. Haya, nimempokea. Nimempa chumba cha mwisho, kile ambacho dirisha lake halifungi.

Huyu binti anajua kila ugonjwa kwa jina la Mzungu aliyeugundua. Nilimwuliza amefanya operesheni za uzazi ngapi kwa mkono wake. Akasema tatu. Ana miaka sita ya udaktari, Yusto, na mwakani mngemwita bingwa. Kasmir alisikia. Alimpa wiki nzima ya kuosha vyombo vya upasuaji na kuvipanga, akimtajia kila kimoja hufanya nini. Nilidhani atalia au ataandika barua kwenu. Aliosha.

Ninavyomwona hatamaliza miezi minne. Nitakuwa mwenye furaha kukosea, lakini sijazoea.

Fransiska

*

Hospitalini,
30 Agosti 1998

Yusto,

Hujajibu ya Julai, au imelala posta ya Mbeya. Naandika tena kwa sababu kuna mawili.

La kwanza. Jumanne iliyopita alfajiri aliletwa wodini mama mmoja, Silvana, kutoka Msanzi. Uchungu siku tatu. Walimlaza kwenye tela la trekta juu ya magunia. Nilipomshika tumbo nilijua kizazi kimepasuka, na mtoto hayupo tena. Kasmir alikuwa na homa, amekaa kitandani kwake anatetemeka kama jani. Nilimfuata. Alikuja amejifunga blanketi, akanawa, akavaa, lakini akakaa kwenye stuli. Akamwambia binti wa Mboje, “Leo mimi siwezi kusimama. Utafanya wewe.”

Yule binti alipofungua tumbo na damu ikajaa, mikono yake ilisimama. Mimi nilikuwa upande wa pili na nilimwona akigeuza macho kumtafuta Kasmir. Kasmir akasema, “Usinitazame mimi. Mimi sivuji.”

Akarudi kazini. Kasmir aliongea naye taratibu mwanzo mpaka mwisho, amekaa kwenye ile stuli haoni hata tumbo, anauliza tu unagusa nini, ni kigumu au laini, damu inatoka upande gani. Naye anajibu. Saa moja na nusu. Kizazi kilitolewa. Silvana yuko hai. Jana amekula uji na ameniuliza mtoto amezikwa wapi, nikampeleka.

Baadaye nilimkuta huyo binti nyuma ya jengo ameketi chini, gauni la upasuaji bado mwilini. Nilimletea chai. Na fundi amekuja kurekebisha lile dirisha.

La pili. Kwa posta ya Alhamisi zimefika fomu zenu mpya, zimepigwa chapa vizuri sana. Mahali pa sahihi pameandikwa hivi: Msimamizi, awe daktari bingwa mwenye shahada ya uzamili. Hapa hakuna mtu kama huyo, wala Rukwa nzima sijui kama yuko. Chini yake pameandikwa kwamba vitabu vipelekwe Dar es Salaam vikasainiwe na idara. Na idara maana yake ni Maganga. Ndiyo kusema Maganga atashuhudia kwamba alisimama na Jenifer Sumbawanga siku ya Silvana?

Fomu nimeziweka kwenye droo. Nijibu kabla Kasmir hajaziona.

Fransiska

*

Dar es Salaam,
11 Oktoba 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua zako zote mbili nimezipata. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Bertila ni mjamzito, tunamtegemea mtoto mwezi wa nne, mwambie baba.

Habari za Silvana zimenifurahisha mno. Huo ndio ushahidi tuliokuwa tunautaka. Nimeusimulia, bila kutaja majina, kwenye warsha tuliyofanya Bagamoyo, nikiwa na picha za ukutani na michoro ya mishale. Wafadhili waliandika sana. Hospitali nyingine tatu zimekubali kupokea wanafunzi. Wale waliocheka sasa wanatumia maneno yangu kana kwamba waliyazaa wao, hata mwenye mgongo amepona na anaomba kwenda Iringa. Mageuzi yoyote, shangazi, yanahitaji hatua, na kiongozi lazima ajue lipi la kupigania leo na lipi la kesho.

Kuhusu fomu, ni suala la maneno tu. Litashughulikiwa.

Jenifer ameniandikia. Anasema amejifunza mengi zaidi katika wiki kumi kuliko miaka mitatu. Ameniambia pia ulimwuliza nini siku aliyofika. Ulimwuliza kama amekuja kutibu watu au ng'ombe. Hiyo hukuniandikia.

Yusto

*

Hospitalini,
25 Novemba 1998

Yusto,

Marahaba. Kwa Bertila nimefurahi, asibebe maji na asisikilize ushauri wa majirani. Baba yako anamlimia huyo mjukuu shamba tayari.

Ndiyo, nilimwuliza hivyo. Mbele ya wauguzi wawili. Walicheka, na mimi nilitaka wacheke. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ni kitu cha aibu, na aibu yangu ninaitunza mwenyewe. Mwezi uliopita nilimwomba radhi. Akasema baba yake naye alimwonya kwamba Wafipa watampa uchawi kwenye chai, kwa hiyo kile kikombe siku ile alikinywa kwa ujasiri. Tumelimaliza.

Sasa zamu yako. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu. Nimekuta warsha, michoro ya mishale na Bagamoyo. Nimekuta “litashughulikiwa”. Mwanangu, umeshaanza kuongea kama watu wa gari jeupe, na mfuko hata hukuniletea.

Jenifer ameondoka Jumapili, wiki tatu baada ya miezi yake minne kwisha. Amefanya operesheni sitini na tatu kwa mkono wake. Fomu alizikuta kwenye droo akitafuta uzi. Alizisoma, akazirudisha, akatoa kitabu cha zamani, kile cha kwanza ulichompa, akampelekea Kasmir. Kasmir ametia sahihi zote sitini na tatu, jioni nzima, kwa ile kalamu yake ya wino. Huandika jina lote, halikatizi. Nilikuwa namtazama. Sijui kama alijua kuhusu fomu. Sikumwambia, na sikumwambia kwa woga, si kwa busara.

Kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi: zile sahihi zitakubaliwa?

Fransiska

*

Hospitalini,
19 Aprili 1999

Yusto,

Tangu Novemba sijapata barua yako hata moja. Najua posta ya nchi hii, na nakujua pia wewe. Ya posta huchelewa miezi miwili.

Habari za mtoto tumezipata kwa simu ya parokia. Mungu amkuze. Baba yako alilia, kisha akasema ni vumbi.

Jenifer ameniandikia. Amekatazwa kufanya mtihani. Barua aliyopewa inasema kitabu chake kimesainiwa na mtu asiye na sifa. Walimpa nafasi: apeleke kitabu idarani, Profesa Maganga atasaini upya mahali pa Kasmir, na mambo yatakwisha kwa siku moja. Alikataa. Wenzake wa Iringa wamekubali, wote watatu, nao wamefanya mtihani.

Ameniandikia pia kwamba ile fomu mpya, ile yenye neno “bingwa”, ina jina la aliyeiandaa chini kabisa, kwa herufi ndogo. Mimi macho yangu siku hizi hayaoni herufi ndogo. Nilimpa muuguzi kijana anisomee. Akasoma, akanitazama, akanirudishia karatasi.

Sitauliza tena. Unajua ulilolifanya.

Fransiska

*

Dar es Salaam,
18 Julai 1999

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto ni mzima, tumemwita Avelina, jina la bibi. Bertila amerudi kazini.

Ni mimi. Niliiandika fomu ile mwenyewe, mezani kwangu, mwezi wa Julai mwaka jana. Maganga aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniagizia soda. Akasema mpango wangu ni mzuri, na kamati nzima itanifuata yeye akisema neno. Akasema, “Ondoa tu huyo msaidizi wako. Tutaonekanaje?” Ndivyo alivyosema, si wagonjwa wataonekanaje. Nikafikiri: nikikataa, mpango unakufa, hakuna mwanafunzi hata mmoja atakayetoka mjini. Nikikubali, hospitali nne zinapata madaktari, na Kasmir, ambaye hajawahi kudai chochote, hatajua. Niliona ni hesabu nzuri. Nilijipongeza kwa kukomaa. Nilikunywa ile soda.

Nilipopata barua yako ya Novemba sikuweza kujibu. Nilianza mara nne. Kila nilipoanza nilijikuta naandika kuhusu hatua.

Kuna jambo jingine hujui. Mwaka 1990 nilipoomba kusomea ubingwa nilitakiwa kuorodhesha operesheni nilizofanya na aliyenisimamia. Zile za 1986 na Kasmir, ishirini na mbili, niliziandika kwamba nilisimamiwa na Maganga. Maganga, wakati huo mkuu wangu wa kazi, alisaini bila kusoma, ingawa alijua hakuwahi kusimama nami hata siku moja. Hiyo ndiyo sababu alijua ningekubali. Alikuwa amenijua kabla yangu.

Tarehe 20 Mei kamati ilikaa kusikiliza rufaa ya Jenifer. Nilipaswa kusoma maelezo ya chuo dhidi yake. Jenifer alikuwa amekaa ukutani na kitabu chake magotini, hanitazami. Nilisimama na nikasoma mistari miwili, kisha nikaiweka karatasi. Nikasema, “Kama sahihi ya Kasmir haifai, basi na cheti changu hakifai. Naomba kifutwe leo.” Nikawaeleza ya 1986 na ya 1990, yote, na jina la aliyesaini.

Maganga akasema nimechoka, nahitaji likizo. Halafu mama mmoja mzee wa idara ya watoto, ambaye kwa zaidi ya mwaka sijamsikia akifungua mdomo kwenye kikao ila kuomba dirisha lifungwe, alisema kwamba yeye kisu alifundishwa na daktari msaidizi, Songea, mwaka 1974. Akalitaja jina lake. Akafuata mwingine, Dodoma. Akafuata yule aliyeuliza habari za wachawi, akisema bila kumtazama mtu kwamba aliyemfundisha yeye alikuwa muuguzi. Shangazi, hawa watu wamekaa meza moja miaka yote, kila mmoja ameficha mwalimu wake, na kila mmoja alidhani ni peke yake.

Tulishinda kwa kura moja. Kanuni sasa inasema msimamizi ni mtu yeyote ambaye hospitali yake imemthibitisha kwa kazi, si kwa cheti. Wale watatu wa Iringa vitabu vyao vimerudishwa vikasainiwe na waliosimama nao kweli. Jenifer alifanya mtihani wiki iliyopita. Mtahini aliyetoka nje ya nchi alimwuliza afanye nini kizazi kikipasuka na msimamizi ni mgonjwa. Unaweza kukisia alivyojibu.

Mimi nimeondolewa unaibu. Barua inasema ni kwa udanganyifu wa mwaka 1990, na ni kweli. Cheti nimeachiwa, baada ya mabishano. Anayeongoza mageuzi sasa ni Profesa Maganga. Amechapisha kijitabu chenye picha yake mwanzoni, anazunguka nacho na anaeleza jinsi alivyoona mbali. Vijana wanampigia makofi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mpango unakwenda vizuri.

Hospitali moja ya binafsi hapa mjini imeniita. Ina viyoyozi hata kwenye korido. Sijajibu. Sina haki ya kukuuliza nifanye nini, kwa hiyo siulizi. Nakuomba tu umwambie Kasmir. Au nikuandikie barua yake peke yake, umpe?

Yusto

*

Hospitalini,
3 Septemba 1999

Yusto,

Marahaba. Jina la mama yangu mmelitendea haki, ingawa nasikia mtoto ana masikio yako. Baba yako ameanza kupura ulezi na anachechemea waziwazi sasa, ameacha kujificha, nami nimefarijika.

Kasmir nimemwambia yote, mpaka habari ya droo na uoga wangu. Alikuwa anajua. Ile fomu aliiona siku ileile ilipofika: bahasha ilikuja kwa jina lake, mimi nikaifungua, naye akaitafuta akaikuta kwenye droo. Alinyamaza mwaka mzima ili nisione haya. Mimi nilinyamaza ili asiumie. Mimi na yeye tumefanya kazi chumba kimoja miaka ishirini na mbili na hatuna tofauti na hao wenzako wa mezani.

Uliyoyafanya mwaka 1990 hayakumshangaza. Ya mwaka jana yalimwuma. Nilimwuliza kama anataka barua yako. Akasema hapana, barua za Dar es Salaam zimetosha. Sikupunguzii makali, ndivyo alivyosema. Ila baada ya siku mbili alikuja wodini kuniuliza kama bado unazimia.

Huyo Maganga alipita hapa mwezi uliopita kuuzindua mpango ambao una mwaka. Alikuja na magari mawili. Kulikuwa na mama wa kupasuliwa, mapacha, wa kwanza amekaa vibaya. Kasmir alimkaribisha kwa heshima zote, akamwambia Profesa, karibu kisu. Yule mzee alitazama mikono yake muda mrefu, akasema ameacha siku nyingi. Nilitaka kufurahi, Yusto. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi. Lakini alisema kwa sauti ndogo, na alibaki mpaka mwisho akashika watoto wote wawili, na magari yakamsubiri. Basi nikamnyima dharau yangu kwa siku ile moja. Kijitabu chake tumewashia jiko.

Jenifer amefaulu. Ameomba kupangiwa huku na amekubaliwa, anaanza Oktoba. Baba yake ametuletea ng'ombe wawili hospitalini kwa shukrani, na wameshakula bustani ya masista.

Sasa sikiliza. Kasmir hajachukua likizo tangu mwaka 1987, kwa sababu hakuna wa kumwachia kisu. Nimemwandikia likizo ya miezi miwili kuanzia tarehe moja Oktoba, na amekubali, anataka kwenda kumwona dada yake Mpanda. Jenifer peke yake hatoshi. Anahitajika mtu wa pili. Sikubembelezi na sisemi umesamehewa, hilo si langu kulitoa. Nasema pana nafasi na kazi ipo.

Wewe umekaa ofisini mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza hutashika kisu peke yako. Utasimama upande wa pili wa meza, utamsaidia Jenifer, utafanya anachokuambia, na yeye ndiye atakayesema umerudi kuwa tayari au bado. Nimemwuliza. Alifikiri kidogo, akasema atakupa wiki ya kuosha vyombo kwanza.

Bertila na mtoto waje baadaye, shule zikifungwa. Wewe uwe hapa tarehe ishirini na nane mwezi huu. Ukichelewa, usituandikie sababu.

Shangazi yako,
Fransiska